Kidokezo Kinapogoma: Utatuzi wa Matatizo ya Chemshabongo za Mafumbo kwa Kiswahili

Chemshabongo ya mafumbo ni ile ambayo kidokezo chake hakiulizi swali la wazi. Badala ya kuandika "Majira ya mvua" na kungoja msomaji ajaze MASIKA, mtunzi huandika "Samaki waliotapanyika majira ya mvua (6)". Msomaji anatakiwa atambue kwamba neno samaki limetolewa kama rundo la herufi, kwamba kutapanyika ni agizo la kuzipanga upya, na kwamba maana ya jibu imekaa mwishoni ikijifanya sehemu ya habari ya samaki.

Ufundi huu ulikomaa Uingereza. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha jedwali lake la kwanza, yaani visanduku ambamo majibu yanayokatana hujazwa, katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lakini vidokezo vyake vilikuwa vya wazi. Waliofumba kwelikweli walifuata katika magazeti ya London, akiwemo Edward Powys Mathers aliyeanza kutunga katika The Observer mwaka 1926. Anayeuleta ufundi huo kwenye Kiswahili hukuta kwamba baadhi ya vifaa vyake vinafanya kazi kwetu vizuri kuliko kule vilikotoka, na vingine havifanyi kazi kabisa. Malalamiko ninayoyapokea, ya wanaofumbua na ya wanaotunga, mara nyingi mzizi wake ni huo: mtu ametumia kifaa bila kukipima kwa lugha yetu.

Istilahi nitakazotumia ni chache. Ufafanuzi ni ile sehemu ya kidokezo inayotoa maana ya jibu, nao hukaa mwanzoni au mwishoni, haukai katikati. Ufundi ni sehemu inayojenga jibu kwa herufi. Malighafi ni maneno ambayo herufi zake zinatumika, na kiashiria ni neno linaloagiza zifanywe nini. Namba kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu, na makutano ni visanduku ambamo jibu la wima na la mlalo hushiriki herufi moja.

Dalili kwa mfumbuzi: "Nimekisoma mara kumi na sioni pa kuanzia"

Sababu inayotokea mara nyingi kuliko zote ni kukisoma kidokezo kama habari. Ukiisoma sentensi "Wanatoka, hawatarudi, ndani mna kinywaji (6)" ukaanza kujiuliza ni akina nani wanaotoka na kwa nini hawarudi, umekwisha kupotea, kwa sababu habari hiyo ni pazia tu. Jambo la kwanza la kufanya ni jepesi, nalo ni kufunika kidokezo chote kwa kidole isipokuwa neno au maneno mawili ya mwisho, kisha kujiuliza kama hayo yanaweza kuwa ufafanuzi. Hapa mwishoni pana "kinywaji". Herufi sita, kinywaji. Ukirudi nyuma unakutana na "ndani mna", ambacho ni kiashiria cha kuficha, na ukiunganisha maneno mawili ya mwanzo bila kujali mkato unasoma wanatoKAHAWAtarudi. Jibu ni KAHAWA. Mwisho ukigoma, rudia zoezi hilohilo mwanzoni mwa kidokezo.

Sababu ya pili ni kutotambua kiashiria. Viashiria vya kupangua herufi ni maneno ya vurugu: kuchafuka, kutapanya, kupinda, kukatakata, kulewa, kuvunjika. Katika "Bahari iliyochafuka yaleta taarifa (6)" tumezoea mno kusema bahari imechafuka hata hatushtuki, kumbe ndilo agizo lenyewe: zichafue herufi za bahari upate HABARI. Viashiria vya kuficha ni ndani, katikati, kubeba, kumeza. Vya kukata ni kichwa, mkia, kuezua, kupunguza. Ukiona neno la namna hiyo, hesabu herufi za maneno ya jirani yake kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Zikilingana na namba ya mabano, karibu kila mara umeishika malighafi.

Sababu ya tatu ni ya nadra zaidi na ndiyo ngumu: kidokezo hakina kiashiria chochote. Hapo kuna mambo mawili ya kujaribu. La kwanza ni maana mbili zilizopangwa bega kwa bega, kama katika "Njia ipasavyo (8)", ambapo njia ni BARABARA na ipasavyo pia ni barabara, tofauti yao ikiwa ni mkazo tu wa matamshi ambao maandishi hayauonyeshi. La pili ni kuunganisha vipande. "Mdudu ni ndege mkubwa (5)" kinaonekana kuwa kauli ya uongo tu, lakini mdudu ni MBU, "ni" inabaki kuwa NI, na ndege mkubwa ni MBUNI. Neno dogo kama ni, na, au, la linaweza kuwa herufi tupu za jibu, na wengi huliruka kwa kudhani ni kiungo cha sentensi.

Ukishajaribu yote hayo, acha kidokezo hicho uende kwenye kingine. Kung'ang'ania kidokezo kimoja bila herufi hata moja ya makutano ni kupoteza muda ambao vidokezo viwili vya jirani vingeuokoa.

Dalili: "Nimegeuza neno, nimepata kitu kisicho na maana"

Malalamiko haya ni ya Kiswahili hasa, na chanzo chake ni kwamba lugha yetu ina namna zaidi ya moja ya kugeuza.

Chunguza kwanza kama kidokezo kinataka herufi au silabi. Neno la Kiswahili karibu daima huishia kwa irabu, na mengi huanza kwa konsonanti, kwa hiyo ukiligeuza herufi kwa herufi litaishia kwa konsonanti na halitakuwa neno. Yanayokubali ni machache, mengi yakiwa yale yanayoanza kwa irabu. Zuri kuliko yote ninayoyajua ni inama, ambalo likisomwa kutoka nyuma ni AMANI, na kidokezo chake hujiandika chenyewe: "Inama kinyumenyume, upate utulivu (5)".

Silabi ni habari nyingine. Watoto wa pwani wamecheza kinyume tangu zamani, wakiipeleka silabi ya mwisho mbele ili wakubwa wasielewe wanachosemezana, na mtunzi wa Kiswahili angekosa sana kuiacha hazina hiyo ikalala. Macho kwa kinyume ni CHOMA, kazi ni ZIKA, kata ni TAKA. Mate kwa kinyume ni TEMA, na kila nikikutana na jozi hiyo huona kana kwamba lugha yenyewe ilikuwa imekaa ikimngoja mtunzi: "Mate kinyume: toa mdomoni (4)". Mfumbuzi anayegeuza herufi hapo atapata ETAM na ataamini kwamba kidokezo kimeharibika.

Katika maneno ya silabi mbili hakuna ugomvi, kwani kuhamisha silabi ya mwisho na kuzigeuza zote huleta jibu lilelile. Katika silabi tatu njia hizo huachana: inama kwa kinyume cha watoto ni ma-i-na, ilhali kwa kugeuza silabi zote ni ma-na-i. Kama chemshabongo haikutangaza juu ya ukurasa ni kinyume kipi kinachotumika, na jibu lina silabi tatu au zaidi, usijilaumu na usiendelee kubahatisha. Kosa ni la mtunzi, na anayepaswa kuulizwa ni yeye au mhariri wake.

Dalili: "Majibu mawili yanaingia, na yote yanaonekana sahihi"

Mara nyingi chanzo ni upangaji wa herufi katika neno fupi. Chukua mali. Herufi zake nne zinatoa LIMA, MILA, LAMI na IMLA, na mfumbuzi akipewa "Mali iliyotapanywa shambani (4)" atasitasita kwa haki kabisa. Anahisi kwamba jibu ni lima, lakini "shambani" ni mahali, na lima ni kitenzi. Ukague ufafanuzi kwa swali moja: je, naweza kuuondoa na kuweka jibu mahali pake ndani ya sentensi ya kawaida, na sentensi isimame? Ukitaka nomino, jibu liwe nomino. Ukiwa na amri, jibu liwe amri. Ukianza na ku-, kama "kuandaa chakula", jibu nalo lianze na ku-, yaani KUPIKA na si PIKA.

Mtunzi anayetaka LIMA ana njia ya kulipata bila mashaka: "Tapanya mali, kisha tumia jembe (4)". Hapa tumia jembe ni amri, lima ni amri, na mila, lami na imla zimefungiwa nje zote kwa pamoja.

Sababu nyingine ni tofauti za kimaeneo. Ufafanuzi "mashine ya ofisini" utamletea msomaji wa Nairobi tarakilishi na wa Dar es Salaam kompyuta, ingawa idadi ya herufi kwa kawaida huamua. Kama haiamui, subiri makutano. Usiandike kwa wino.

Dalili: "Jibu ni sahihi lakini visanduku havitoshi" au "vimezidi"

Hesabu upya kwanza. Kisha tazama kama jibu lina ch, sh, ny, dh, th, gh, kh au ng'. Kwa sikio ch ni sauti moja. Kwa jedwali ni herufi mbili na visanduku viwili. Huo ndio utaratibu ninaoupendekeza kwa kila mtunzi, pamoja na kuacha ritifaa nje, ili NG'OMBE ijae visanduku sita vya N, G, O, M, B, E.

Utata huu huwa mkubwa zaidi katika kukata. Kichwa cha nyumba ni N au ni NY? Yote mawili yanazaa maneno halali, na hapo namba ya mabano ndiyo inayookoa. "Nyumba iliyoezuliwa, pepesuka (5)", kikiwa kidokezo cha wima ambacho juu ya neno ni mwanzo wake, hutoa YUMBA. Mtunzi aliyekusudia sauti nzima angeandika "Nyumba iliyoezuliwa, leta uhai (4)" na kupata UMBA. Ninapenda jozi hii, lakini nisingeiweka katika jedwali la wanaoanza bila kutaja sheria mapema. Kwa wanaoanza, "Simba asiye na kichwa, toa sauti ya wimbo (4)" inatosha: ondoa S, ibaki IMBA.

Ikiwa umekagua hayo yote na namba bado haikubali, huenda ni kosa la uchapaji. Acha hapo na umwandikie mhariri. Usibadilishe majibu ya jirani ambayo una hakika nayo ili kulipisha moja linalogoma.

Dalili kwa mtunzi: "Wote wamejibu kabla sijamaliza kuwasomea"

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa tatizo hili karibu halitajwi popote na huharibu vidokezo vingi vizuri.

Anza na ukaguzi mwepesi: je, umeficha jibu zima ndani ya neno moja? TANGA ndani ya mtangazaji inaonekana kwa jicho la kwanza. Sambaza herufi kwenye maneno mawili, kama PESA katika "Mpe sabuni, ndani mna fedha (4)", na mpasuko kati ya maneno utafanya kazi ya kuficha kwa niaba yako.

Kama si hilo, sababu kubwa ni upatanisho wa kisarufi. Kiswahili humtaja mwenye jambo mara nyingi ndani ya sentensi moja, kwa kiambishi cha kitenzi, cha kivumishi, cha kimilikishi na cha kirejeshi, na kila kiambishi hicho kinafichua ngeli ya jibu. Ukitaka jibu liwe KISU na ufafanuzi wako ukawa "kinachokata nyama", umemwambia msomaji kwamba neno linaanza kwa ki- kabla hajafikiri. Afadhali uanze na nomino ya jumla, kwa sababu nomino hiyo ndiyo itakayobeba upatanisho: "kifaa cha kukata" kina cha kwa sababu ya kifaa, si kwa sababu ya kisu, na jibu linaweza kuwa msumeno, panga au shoka. Mnyama, mahali, mtu, jambo na hali hufanya kazi hiyohiyo.

Upatanisho una madhara mengine katika vidokezo vya maana mbili, ambavyo kwa bahati nzuri ndivyo utajiri wetu mkubwa. Paa ni mnyama, ni sehemu ya nyumba, na ni kitendo cha kwenda juu. Kaa ni wa pwani, ni la moto, na ni amri ya kuketi. Tembo, chungu, panda, taa, kanga na mbuzi zote zinangoja mtunzi. Taabu huanza pale maana hizo mbili zinapokuwa katika ngeli tofauti. "Mnyama wa kukunia nazi (5)" kwa ajili ya MBUZI kina ulemavu, kwa sababu tunasema mbuzi ya kukunia nazi, si mbuzi wa kukunia nazi, na msomaji makini atalalamika kwamba nusu ya pili haimfafanui mbuzi wa jikoni kwa sarufi ya haki.

Dawa niliyoichelewa kuiona, na sasa ninaitumia karibu kila wiki, ni hu- ya mazoea. Kiambishi hiki hakibebi ngeli wala nafsi. Mtu husema, mti huanguka, kisu hukata, maji hutiririka: hu- ni ileile. Kwa hiyo "Hukuna nazi mnyama huyu (5)" kina fafanuzi mbili, hukuna nazi na mnyama huyu, na hakuna kiambishi kati yake kinachomsaliti mbuzi wala kinachovunja sarufi.

Wakati mwingine ngeli mbili hukubaliana zenyewe, na mtunzi hana budi kuikamata nafasi hiyo. Mji na moshi wote ni wa u- katika umoja, ndiyo maana "Mji unaotoka motoni (5)" husimama barabara: Moshi ni mji chini ya Kilimanjaro, na moshi unatoka motoni, na unao- ile moja inawahudumia wote wawili.

Sababu ya mwisho ya urahisi kupita kiasi ni kupangua neno linalojulikana na wote. Watoto wengi wa shule wamewahi kuonyeshwa kwamba kitabu na katibu ni herufi zilezile. Kitumie, lakini ufafanuzi ufiche vizuri: "Kitabu kilichovurugwa na mwandishi wa kikao (6)" kinaonekana kama lawama halali dhidi ya mtu aliyekiharibu kitabu.

Dalili: "Hakuna aliyejibu, na nilipotoa jibu walikasirika"

Tofautisha mambo mawili. Mfumbuzi aliyeshindwa lakini akasema "ah, kumbe!" baada ya kuona jibu hana malalamiko, kidokezo ni kigumu na ni cha haki. Anayesema "nitajuaje?" ana haki ya kusikilizwa.

Sababu ya kawaida ni maneno ya ziada. Derrick Macnutt, aliyetunga katika The Observer kwa jina la Ximenes, alizieleza kanuni zake katika kitabu cha mwaka 1966, na mrithi wake Jonathan Crowther, aliyejiita Azed, akazifupisha hivi: kidokezo kizuri kina ufafanuzi sahihi, kina ufundi wa haki, na hakina kitu kingine chochote. Hiki kipande cha tatu ndicho kinachovunjwa zaidi. Mtunzi huongeza neno ili sentensi ipendeze, na neno hilo humpeleka msomaji mahali pasipo na kitu. Pitia kila neno la kidokezo chako na uliulize kazi yake: ni ufafanuzi, ni malighafi, ni kiashiria, au ni kiungo kifupi cha kuunganisha pande mbili? Lisilo na kazi liondoke, hata kama ulilipenda.

Inayofuata ni ufafanuzi usio wa kweli. Alistair Ferguson Ritchie, aliyejiita Afrit, aliweka mwaka 1949 kanuni ambayo watunzi wa Uingereza bado wanaifuata, kwamba mtunzi halazimiki kukusudia kile anachoonekana kusema, lakini ni lazima aseme kile anachokusudia. Sisi tuna methali ya kale inayoelekea hukohuko, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na sharti lililofichika ndani yake ni kwamba fumbo lenyewe liwe linang'amulika.

Sababu ya tatu ni ujuzi usio wa wote. "Uma uliopinduliwa wa kisiwa cha mwambao (3)" ni sahihi kabisa kwa anayejua kwamba wenyeji wa Lamu huiita Amu. Kwa msomaji wa Bujumbura au Mwanza ni ukuta mtupu. Si lazima kidokezo kitupwe. Hakikisha tu kwamba herufi zake zote tatu zinakutana na majibu mengine mepesi.

Ya nne haitokei mara nyingi lakini nataka kuitaja waziwazi: kuegemea matamshi. Katika Kiingereza maneno mengi husikika sawa na kuandikwa tofauti, na watunzi wao huishi kwa hilo. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa, na kifaa hicho karibu hakipo. Anayekilazimisha huishia kuchezea namna watu fulani wanavyotamka kura kama kula, au dhambi kama zambi. Usifanye hivyo. Msomaji anayeona lafudhi ya kwao imegeuzwa kichekesho hatarudi kwenye ukurasa wako, na ana sababu.

Dalili: "Ufundi ni sahihi, lakini sentensi haisomeki"

Hii hupata sana vidokezo vya kuingiza neno ndani ya jingine. KANISA ni "ni" ndani ya kasa, na jaribio la kwanza la wengi huwa orodha ya maagizo: "Kasa ambaye ni imeingia, nyumba ya ibada". Isome kwa sauti. Sentensi ambayo hakuna Mswahili angeitamka mtaani haijafumba kitu, kwa sababu inatangaza yenyewe kwamba ni mtego. "Ni ndani ya kasa, mahali pa ibada (6)" ina ajabu yake, lakini inatamkika. Kama baada ya majaribio manne au matano bado haitamkiki, badilisha kifaa badala ya kuendelea kuinyoosha. Mkia na kima huonyesha faida ya kusubiri: sentensi ikija sawasawa, "Mkia uliokatwakatwa ukawa nyama ya kusaga (4)", inanukia jiko, na KIMA limekaa ndani yake bila kujulikana.

Dalili: "Jedwali limejaa, lakini makutano hayamsaidii msomaji"

Watunzi wengi hunakili jedwali la Uingereza la visanduku 15 kwa 15, ambalo likizungushwa nusu mzunguko hubaki vilevile, na ambamo mara nyingi herufi moja ya neno hukutana na neno jingine na inayofuata haikutani. Kwa Kiingereza mpango huo ni wa haki. Kwetu una mtego, kwa sababu konsonanti na irabu hupishana kwa utaratibu karibu kamili. Makutano yakiangukia herufi ya pili, ya nne na ya sita, msomaji atapewa irabu tupu: _A_A_A. Hapo panaingia HARAKA, BARAZA, SADAKA, SALAMA na KARAMA, na bado hujamaliza. Makutano yakiangukia ya kwanza, ya tatu na ya tano, atapata B_R_Z_, na mbele yake yatabaki baraza na barizi, moja nomino na jingine kitenzi, ambayo ufafanuzi utayatenganisha.

Ukaguzi wa kwanza, basi, ni kusogeza neno kisanduku kimoja. Pili, changanya maneno yanayovunja mpishano: yanayoanza kwa m- inayofuatwa na konsonanti, kama mtoto na mkataba, au yenye irabu mbili mfululizo, kama chuo na taarifa. Tatu, kama upande mzima wa jedwali una irabu tupu katika makutano, usijaribu kuuziba kwa kufanya vidokezo viwe vyepesi. Ufute upande huo na uanze upya. Ni kazi ya jioni moja, na kiraka kitakugharimu zaidi.

Wakati wa kuacha na kumpa mwingine

Mtunzi hawezi kujijaribu mwenyewe, kwa kuwa jibu analijua tayari. Kila jedwali lipitie mikononi mwa wafumbuzi wawili kabla halijachapwa, na afadhali mmoja awe wa Tanzania na mwingine wa Kenya. Waombe waandike sababu ya kila jibu, si jibu peke yake, maana jibu lililopatikana kwa makutano tu linaficha kidokezo kibovu. Mmoja akitoa jibu tofauti na lako na akalitetea neno kwa neno, usibishane naye: kidokezo hicho hakijakamilika.

Neno likibishaniwa, hakimu ni kamusi uliyoitangaza tangu mwanzo, kwa mfano Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na kama halimo, litoe kwenye jedwali hata kama unalisikia kila siku sokoni. Istilahi ya dini, ya sheria au ya tiba isiandikiwe ufafanuzi kwa kukisia; mpelekee mwenye fani hiyo mstari mmoja aukague. Kidokezo kinachogusa kabila, ulemavu, msiba au mtu aliye hai kipelekwe kwa mhariri kikiwa peke yake, kikiwa na jibu na maelezo yake, na kisiingie kwenye jedwali mpaka amejibu kwa maandishi.